Kiingereza cha mwanzo kwa anayefikiri kwa Kiswahili: hatua tisa

Maswali hayabadiliki. Nianze na sarufi au na maneno? Mbona nikisema "I am agree" watu wanatabasamu? Inakuwaje najua maneno mia tano na bado nashindwa kuomba chai? Hiyo "the" inakaa wapi hasa?

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, awe aliishia darasa la saba, awe anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yote yamegeuka lugha, au awe anajiandaa kwenda kufanya kazi ng'ambo. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeandikwa kwa ajili ya kila mtu duniani, kwa hiyo havijui Kiswahili kinakuvuta wapi. Makosa yako mengi hayatokani na uzito wa kichwa. Unajenga sentensi ya Kiswahili kwa matofali ya Kiingereza, na yale matofali hayakukatwa kwa nyumba hiyo. Hapa tutaanzia pale pale mvutano ulipo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja kubwa la sentensi, kaunta buku inafaa. Usifanye daftari la maneno peke yake. Sababu iko hatua ya 7.
- Karatasi ngumu ya manila, ikatwe kadi za kama sentimita 5 kwa 8.
- Bahasha tatu zenye herufi A, B na C.
- Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili, pamoja na kamusi ya kwenye simu inayotamka neno kwa sauti. Ya pili ni ya lazima, maana tahajia ya Kiingereza haikuambii matamshi.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Dakika 40 kwa siku, siku tano kwa wiki: 10 za kadi, 20 za kuandika na kusema sentensi, 10 za kusikiliza na kurudia. Anayesoma saa nne Jumamosi kisha akapumzika wiki nzima huanza upya kila Jumamosi.
- Mtu mmoja wa kukusahihisha mara moja kwa wiki. Si lazima awe mwalimu, ila asiwe mtu wa kucheka.

## Hatua ya 1: Tengeneza masikio kabla ya sarufi

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja. Kiingereza kinatumia herufi hizo hizo tano, lakini katika matamshi ya Uingereza zinabeba sauti za irabu zipatazo ishirini. Ndiyo maana "hat", "hut", "heart" na "hurt" hutoka mdomoni mwa Mswahili zikiwa neno moja. Anza na jozi chache: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "bed" na "bad". Sikiliza kwenye kamusi ya simu, rudia, jirekodi, linganisha. Jozi tatu kwa siku zinatosha.

Mambo mengine matatu ya kushughulikia wiki hii:

Kwanza, "th". Watu wa mataifa mengi huteseka nayo, lakini wewe unayo tayari. "Think" inaanza kama *thelathini*, "this" inaanza kama *dhahabu*. Kama kwenu mnasema "selasini" na "zahabu", weka ncha ya ulimi katikati ya meno na upulize.

Pili, mwisho wa neno. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, ndiyo maana "book" inageuka *buku* na "milk" inageuka *miliki*. Jizoeze na "book, big, bed, bus, cup": konsonanti ya mwisho ikishatoka, nyamaza. Usiongeze pumzi ya irabu.

Tatu, mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kiingereza hakina adabu hiyo: "teacher" mkazo uko mwanzo, "computer" katikati, "hotel" mwisho. "Vegetable" ina silabi tatu tu na mkazo uko wa kwanza, kama *VEJ-ta-bo*. Kila neno jipya unaloandika, pigia mstari silabi yenye mkazo. Ukikosea irabu mtu atakuelewa. Ukikosea mkazo mara nyingi atakuomba urudie.

## Hatua ya 2: Pasua kitenzi

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Wengi huiruka kwa sababu haionekani kama Kiingereza.

Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi nzima iliyofungwa kama furushi. Kiingereza hufungua furushi na kupanga kila kitu kwa foleni, na foleni haibadiliki: nani, wakati, tendo, anayetendewa.

- *Ni-ta-ku-pigia*: "I / will / call / you."
- *Wa-me-ni-lipa*: "They / have / paid / me."
- *Tu-na-ku-subiri*: "We / are / waiting for / you."
- *Ha-wa-ta-ni-saidia*: "They / will not / help / me."

Chora safu nne kwenye daftari. Kila siku kwa wiki moja, chukua vitenzi kumi vya Kiswahili ulivyovisema siku hiyo, uvipasue, halafu ujaze safu. Usijali kama hujui neno la tendo; kamusi itakupa. Unachofundisha kichwa hapa ni foleni.

Makosa matatu ya hatua hii:

1. Kurudia mtendaji. *Kaka yangu anafanya kazi Tanga* inakuwa "My brother he works in Tanga", kwa sababu Kiswahili kina "kaka" na pia kina "a-". Kiingereza kinataka kimoja tu: "My brother works in Tanga."
2. "He" na "she". *Yeye* haijali jinsia, kwa hiyo ubongo wako haujazoea kuamua. Fungua picha za ndugu kwenye simu, utaje sentensi moja kwa kila picha, haraka haraka. Vivyo hivyo "his" na "her": hufuata mwenye kitu, si kitu. Mke wa Juma ni "his wife", hata kama mke ni mwanamke.
3. Kutafuta ngeli. Acha. *Kimevunjika, limevunjika, umevunjika, imevunjika* zote ni "it". *Vi-, ya-, zi-* zote ni "they". Hapa Kiingereza kimekuonea huruma, pokea.

## Hatua ya 3: "Am, is, are" na mambo ambayo Kiswahili *huwa nayo*

Kiswahili husema una njaa, una miaka, una haraka. Kiingereza husema wewe *ni* mwenye njaa. Nakili sentensi hizi na uziseme kwa sauti mpaka zisikuhitaji kufikiri:

- *Nina njaa.* "I am hungry."
- *Nina miaka thelathini.* "I am thirty years old."
- *Ana haraka.* "He is in a hurry."
- *Una hakika?* "Are you sure?"
- *Nasikia baridi.* "I am cold."
- *Yuko nyumbani.* "She is at home."
- *Kuna joto leo.* "It is hot today."
- *Kuna watu wawili nje.* "There are two people outside."

Kosa la upande wa pili ni kubandika "am" mahali isipotakiwa: "I am agree", "I am come from Mwanza". Baada ya "am, is, are" kwa sasa ruhusu vitu vinne tu: jina ("a nurse"), sifa ("tired"), mahali ("at home"), au tendo lenye "-ing" ("cooking"). Tendo tupu halikai hapo. Kwa hiyo "I agree", "I come from Mwanza".

## Hatua ya 4: Nyakati, kwa kufuata viambishi vyako mwenyewe

Vitabu vitakuonyesha nyakati kumi na mbili. Mwanzoni achana na nyingi, anza na viambishi vitano ulivyozaliwa navyo.

hu- Hii ni rafiki. *Huamka saa kumi na mbili*: "I get up at six." Tendo tupu, bila kitu. Ila mtendaji akiwa mmoja wa nafsi ya tatu, tendo linapata "s": "She gets up at six." Angalia usichanganyikiwe: kwenye nomino "s" ni ya wingi, kwenye tendo "s" ni ya mtu mmoja. "The boy runs, the boys run." Sauti ya "s" inasikika mara moja tu.

-na- Hapa panahitaji uamuzi, kwa sababu *ninafanya kazi bandarini* inaweza kuwa ya sasa hivi au ya kila siku. Jaribu kuongeza maneno hayo. Ikikubali "sasa hivi", tumia "I am working". Ikikubali "kila siku", tumia "I work at the port". Na yapo matendo ambayo kwa anayeanza hayavai "-ing" kabisa: "know, want, like, need, believe, understand". *Ninajua* ni "I know". "I am knowing" usiiseme.

-ta- "Will" na tendo tupu. Tusipoteze wino.

-li- Tendo lililopita. Mengi huongeza "-ed", ambayo ina sauti tatu: "worked" huishia na *t*, "played" na *d*, "wanted" na *-id*. Usisome "worked" kama *wokedi*. Yasiyofuata kanuni hayana dawa zaidi ya kukariri. Anza na haya ishirini, matano kwa siku: "went, came, saw, ate, drank, bought, brought, took, gave, got, made, said, told, had, did, knew, thought, found, left, slept".

-me- Huyu ndiye mtego mkubwa, maana mwalimu mwenye haraka hukuambia "-me- ni have". Si kila mara. Pitia maswali haya kwa mpangilio:

1. Umetaja muda uliopita, kama jana, juzi, au mwaka 2019? Basi ni kama -li-. *Nimemwona jana* ni "I saw him yesterday". "I have seen him yesterday" ni kosa, hata ikisikika ya kisomi.
2. Unaeleza hali aliyomo mtu sasa? Tumia "am, is, are". *Amelala*: "He is asleep." *Nimechoka*: "I am tired." *Amesimama*: "She is standing." *Amevaa shati jeupe*: "He is wearing a white shirt." *Nimeshiba*: "I am full." *Ameoa*: "He is married." *Tumepotea*: "We are lost."
3. Ni tendo limekamilika na matokeo yake yapo mbele yetu, bila kutaja lini? Hapo ndipo "have" na "has": *Amefika*, "He has arrived." *Nimepoteza funguo*, "I have lost my keys."

Pembeni kuna wakorofi wachache. *Nimeelewa* mara nyingi ni "I understand" tu, wala si lazima "I have understood".

## Hatua ya 5: Kukana na kuuliza

Kiswahili huuliza kwa kupandisha sauti. *Unakunywa kahawa?* inaandikwa sawasawa na taarifa *Unakunywa kahawa*, ila alama ya mwisho. Kiingereza kinadai mtumishi asimame mbele: "Do you drink coffee?" Mtumishi huyo ni "do", kwa nafsi ya tatu "does", na kwa yaliyopita "did".

Kanuni ya kushika: mtumishi akiingia, tendo linavua nguo zote. "She works" inakuwa "Does she work?" na "She does not work". "I went" inakuwa "I did not go". Ukisema "I did not went" umebeba wakati uliopita mara mbili.

"Am, is, are, will, can, have" ya -me- hazihitaji mtumishi. Zinasogea zenyewe: "Are you tired? Will he come? Have you eaten?" Kukana, ongeza "not" baada yake.

Sasa onyo ambalo linaweza kukugharimu. Mtu akikuuliza *Hujala?* nawe hujala, Kiswahili hujibu *Ndiyo*, yaani kweli kama ulivyosema. Kiingereza hujibu "No", maana kinaangalia tendo halijafanyika. Muuguzi akiuliza "You haven't taken any medicine today?" nawe ukajibu "Yes", ataandika umekunywa dawa. Swali likija na "not" ndani yake, usijibu kwa neno moja. Sema "No, I haven't" au "Yes, I have", utakuwa salama.

## Hatua ya 6: Nomino, na ile "the"

Mpangilio unageuka: *vitabu vitatu vizuri* ni "three good books". Sifa hutangulia, na haibadiliki kwa wingi. Hakuna "goods books". *Kitabu cha Asha* kinakuwa "Asha's book".

Wingi ni "s", isipokuwa wachache wa kila siku: "children, people, men, women, teeth, feet". Na kuna majina ambayo Kiingereza hakiyahesabu hata kidogo: "information, advice, furniture, luggage, equipment, news". Sisi tuna taarifa mbili na mizigo mitatu. Wao hawana "informations" wala "luggages". Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of luggage".

Kuhusu "a" na "the", jiulize hivi kabla ya kila nomino:

1. Msikilizaji anajua ni kipi? Jaribu kuongeza *kile* au *ile tunayoijua* kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikaa vizuri, weka "the".
2. Kama hajui, na kitu ni kimoja cha kuhesabika, weka "a". *Nilinunua simu. Simu imeharibika*: "I bought a phone. The phone is broken." Simu ya kwanza haijulikani, ya pili ni ile ile tuliyoitaja.
3. Kama ni vingi au hakihesabiki, na unazungumza kwa jumla, usiweke kitu: "Water is life", "Children like sugar".

"An" hufuata sauti, si herufi: "an hour", kwa sababu "h" haitamkwi, lakini "a university", kwa sababu inaanza kwa sauti ya *yu*. Kazi ya mtu hupewa "a": "I am a nurse". Nchi nyingi hazipewi kitu, lakini ni "the United States". Ukikosea "a" na "the" watu bado watakuelewa, kwa hiyo usikae hatua hii zaidi ya wiki. Hata waliobobea huteleza.

## Hatua ya 7: Maneno, lakini yakiwa kwenye sentensi

Usikariri kamusi. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yenye matumizi mengi, na tangu wakati huo walimu wamekuwa wakianza na orodha za aina hiyo. Sehemu ya mtaji unao tayari: ondoa irabu ya mwisho kwenye *benki, tiketi, basi, blanketi, penseli* uone kinachobaki. Ila chunga. *Hoteli* ya mtaani ni mahali pa kula. "Hotel" ni mahali pa kulala, na pa kula tu ni "restaurant". Pia si kila neno linalofanana na la Wazungu ni la Kiingereza: *meza* ni ya Wareno na *shule* ni ya Wajerumani.

Sababu ya kukataza daftari la maneno peke yake ni neno *kupiga*. Ukiandika "kupiga = beat" umejiharibia, kwa maana:

- piga simu: "make a call"
- piga picha: "take a photo"
- piga mswaki: "brush your teeth"
- piga pasi: "iron"
- piga kura: "vote"
- piga kelele: "make noise"
- piga hodi: "knock"

Hakuna "beat" hata moja. *Kusikia* ni hivyo hivyo: unasikia sauti, "hear", unasikia harufu, "smell", unasikia maumivu, "feel". Na kinyume chake, neno letu moja huwa mawili kwao. *Mkono* ni "hand" kutoka kifundo hadi vidole, na "arm" kuanzia hapo kwenda begani. *Mguu* ni "foot" na "leg". *Niazime kalamu* ni "Lend me a pen", na *naomba kuazima kalamu* ni "Can I borrow a pen?" Usiseme "Borrow me a pen", inageuza mkopaji kuwa mkopeshaji. *Alisema* ni "he said", *aliniambia* ni "he told me". "He said me" haipo.

Jamaa wa familia wao wamewafupisha mno. Mjomba na baba mdogo wote "uncle", shangazi na mama mdogo wote "aunt", watoto wao wote "cousin". "My small father" itamfanya msikilizaji amtafute mzee mfupi.

Kadi. Upande wa mbele andika sentensi ya Kiswahili, nyuma ya Kiingereza. Kadi 7 mpya kwa siku, siku tano. Zote huanzia bahasha A, inayopitiwa kila siku. Ukiipata kadi siku mbili mfululizo inahamia B, inayopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena huko inahamia C, ya Jumamosi. Ukiikosa popote, inarudi A bila huruma. Kwa wiki 12 ni kadi 420, na kila kadi ina sentensi kamili. Usiongeze kasi hadi kadi 20 kwa siku: bahasha A itavimba wiki ya pili, utaichukia, utaacha.

## Hatua ya 8: Saa, siku na vihusishi

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama, ya Kiingereza usiku wa manane na adhuhuri. Ongeza 6, ikizidi 12, toa 12. Saa nne asubuhi ni "ten in the morning". Saa tisa alasiri ni 15, toa 12, "three in the afternoon". Saa mbili kasorobo ni "quarter to eight" au "quarter to two"? Ni ya kwanza: 2 na 6 ni 8. Ukiambiwa usaili ni "nine", ni saa tatu asubuhi. Ukifika saa tisa utakuta wamefunga ofisi.

*Jumatatu* ina tatu ndani yake lakini ni "Monday", usihesabu vidole. *Usiku wa kuamkia Ijumaa* ni "Thursday night". *Mwezi wa saba* ni "July". Miezi yote lazima uijue kwa jina.

Kwa wakati: "at" kwa saa, "on" kwa siku, "in" kwa mwezi na mwaka. "At seven, on Monday, in July, in 2026." Kwa mahali *-ni, katika* na *kwenye* hugawanyika: "in" ndani ya kitu au mji, "on" juu ya kitu, "at" penye shughuli, kama "at the bus stop". Upo "in a car" lakini "on a bus".

Vitenzi vingine hubeba kihusishi chake. Vikariri pamoja: "wait for me, listen to the radio, explain it to me, married to Ali". *Nieleze* inakuvuta useme "explain me", kataa. Na hivi viwili havibebi kitu: "discuss the matter", bila "about", "go home", bila "to".

## Hatua ya 9: Adabu, ambayo haitafsiriki

*Nipe maji* kwa Kiswahili ikisindikizwa na tabasamu haina ubaya. "Give me water" inasikika kama amri. Sema "Can I have some water, please?" Wala *naomba* usiigeuze "I am begging".

*Pole* haina mwenzake. Mtu akijikwaa njiani London ukamwambia "Sorry", anaweza kudhani wewe ndiye uliyemkwaza, muulize "Are you all right?" Kwa mgonjwa: "I hope you feel better soon." Kwa mfiwa: "I'm sorry for your loss." *Pole na kazi* na *shikamoo* ziache nyumbani. Kwa mkubwa "Good morning, sir" au "madam" inatosha.

*Karibu* mlangoni ni "Come in", penye kiti ni "Have a seat", penye chakula ni "Help yourself", na baada ya *asante* ni "You're welcome". "Good night" ni ya kuagana tu. Ukimkuta mtu usiku, sema "Good evening".

## Ukikwama

Naelewa nikisoma, kuongea siwezi. Unasoma kwa macho tu. Zile dakika 20 za sentensi ziseme kwa sauti, kila moja mara tatu, ya tatu bila kuangalia daftari.

Kila nikisema naombwa nirudie. Jirekodi sentensi kumi, sikiliza mkazo kwanza, kisha irabu ulizobandika mwishoni mwa maneno. Usiongeze sauti, kupaza hakubadilishi matamshi.

Maneno yananitoka. Angalia kadi zako. Bila shaka zina neno moja moja. Ziandike upya zikiwa na sentensi inayohusu maisha yako: duka lako, basi lako, mtoto wako.

Programu ya kutafsiri inanipa mambo ya ajabu. Ukiandika *amefika*, programu inabahatisha kati ya "he" na "she", na -me- ya hali huipotosha kirahisi. Itumie kwa neno moja au kifungu kifupi, kisha pitisha jibu kwenye maswali ya hatua ya 4.

Nafikiri Kiswahili, natafsiri, nachelewa. Ni kawaida mwanzoni. Fupisha sentensi. Badala ya *Kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha sikuweza kuja*, sema mbili: "It was raining. I didn't come." Na ukifika kwenye *ingawa... lakini*, chagua kimoja. Kiingereza hakitumii "although" na "but" pamoja.

Wiki ya nne nimechoka na siendelei. Simamisha kadi mpya kwa siku tano. Pitia bahasha tu, na rudia hatua ya 2 kwa vitenzi vya siku hiyo. Kadi mpya zirudi pale bahasha A itakapobaki na chini ya kadi 30.